Shemeji Maige na Rais wa Manila

Usiku ule hakuna aliyelala kijijini kwetu, na hakuna aliyetaka mwenzake ajue kwamba yuko macho. Taa zilizimwa mapema. Mvua ilikuwa ikinyesha kama ilivyonyesha mwaka ule wote wa El Nino, lakini ilipopungua kidogo nilimsikia Salehe wa dukani akikohoa, nikasikia mlango wa Ngosha ukifunguliwa na kufungwa, nikajua wote tunasubiri kitu kimoja. Jioni Sista Luzi alikuwa amempakia Bibi Mbuke kwenye pikapu yake kumpeleka hospitali mjini, na kila aliyemwona Bibi akipandishwa alijua hatarudi akiwa hai. Tulikuwa tunasubiri kilio kutoka nyumba ya mwanawe, Nestory.

Kwa kawaida kusubiri kilio hakuna fumbo. Kikisikika unajifunga khanga, unachukua kuni au ndoo ya maji, unakwenda. Wanaume wanabeba majembe. Hata kama jana mligombana kwa sababu ya mbuzi kula mihogo, leo unakwenda. Lakini nyumba ya Nestory ilikuwa imetengwa. Ulikuwa mwaka wa tatu hakuna anayemsalimia, wala mkewe, wala mama yake. Hawakupewa moto, hawakuchota kisimani, mashine ya kusaga haikuwasagia. Mtu aliyetengwa akifiwa inakuwaje? Hilo hatukuwahi kuliona. Kwa hiyo Rebeka, binti yangu, aliponiuliza gizani, "Mama, wakilia tutakwenda?" nilimwambia alale.

"Bibi Mbuke ndiye aliyenipokea mimi nilipozaliwa."

"Amewapokea wote. Lala."

Hakulala. Mimi nilikaa nikiangalia mlango. Jibu la swali lake sikuwa nalo, hata Ngosha, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, hakuwa nalo. Lilikuwa kwa shemeji yangu Maige, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba nyumba ile itengwe. Na habari za Maige siwezi kuzieleza bila kumtaja rais mmoja wa Ufilipino, mtu ambaye hakuwahi kufika Mwanza na aliyekufa kabla mimi sijaanza shule. Najua inachanganya. Mimi mwenyewe inanichanganya mpaka leo, ndiyo maana naiandika polepole.

Maige alizaliwa hapa hapa kwetu, chini ya kilima cha Mkolani, pale unapoteremka kati ya mawe makubwa kuelekea ziwani. Ni kaka wa mume wangu, Elias. Baba yao aliwarithisha ng'ombe wachache walioisha kwa ugonjwa, basi kila mmoja akatafuta kazi ya mikono. Elias alivunja mawe na kuponda kokoto. Maige alijifunza useremala misheni. Alitengeneza milango na vitanda, na kila nyumba ya kijiji hiki ina mlango wake, hata hii yangu. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akipiga randa huku anaimba, na kila mwaka ilipofika sikukuu ya ngoma kule Bujora alifunga karakana, akaenda kucheza mpaka sauti inamkauka. Alikuwa na mke, Dorcas, na watoto wawili. Dorcas alizoea kusema, "Mume wangu akinyamaza ujue ana homa."

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Viwanda vya minofu ya samaki vikafunguliwa kando ya ziwa, magari ya barafu yakaanza kushuka mpaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na kila aliyeweza alitafuta mtumbwi wa injini. Nestory alikuwa wa kwanza kijijini kuupata. Hatukumwonea kijicho, niseme ukweli, kwa sababu alitubeba sisi wote. Ukitaka kwenda ng'ambo kwenye harusi au msiba, Nestory anakupeleka.

Siku ile walikuwa wanarudi kutoka harusini. Maige hakuwa amekwenda, alikuwa na kitanda cha mteja. Walikwenda Dorcas na watoto wawili, na mume wangu Elias, na Khalidi mdogo wake Salehe. Nestory alipitia kambi za wavuvi akajaza sangara, akawaketisha watu juu ya samaki. Upepo ulikuwa umeshaanza. Wenyeji wa kule walimwambia asubiri utulie. Hakusubiri. Mtumbwi ulipinduka karibu na mawe, tunaona kwa macho ufukweni, na hakuna wa kufanya lolote. Nestory alitoka akiwa amekumbatia dumu la petroli. Wengine waliletwa na maji siku zilizofuata. Mtoto mdogo wa Maige hakuonekana kamwe.

Polisi walisema ni ajali. Lakini siku ya baraza Maige alimuuliza Nestory mbele ya watu wote, "Kwa nini hukusubiri upepo?"

Nestory alitazama chini. Angeweza kusema uongo, angeweza kusema injini ilimsumbua. Alisema, "Samaki wangeoza."

Nafikiri kama asingesema maneno yale, mambo yangekuwa mengine. Maige hakumpiga. Aliligeukia baraza akasema, "Naomba watu hawa watengwe." Baraza likakubali. Kwa desturi yetu aliyetengwa anaweza kupatanishwa kwa kulipa ng'ombe, na yule aliyeomba atengwe akubali. Baada ya mavuno Nestory alileta ng'ombe mzuri, mweupe, akamfunga mbele ya karakana. Maige alitoka akamtazama yule ng'ombe kwa muda, akamfungua kamba. "Huyu haitwi Dorcas," akasema. Ng'ombe akarudi kwao mwenyewe akila majani ya njiani.

Tangu hapo Maige hakuimba. Bujora hakwenda tena. Milango aliendelea kutengeneza.

Sista Luzi alikuja mwaka uliofuata. Masista wenzake walikuwa Waafrika, yeye alitoka Ufilipino, mfupi, mwembamba, nywele zimeanza mvi. Watoto walimwita Mchina mpaka wakachoka. Alifungua zahanati ndogo, nami nikapata kazi ya kuwafulia na kuwapikia. Sista hakujua habari za kutengwa, na alipoambiwa hakuzifuata. Alisikia kuna bibi mwenye kidonda mguuni, akaingia kwa Nestory na mkoba wake mchana kweupe.

Ngosha akamwita barazani. Ngosha ni mtu mkubwa, sauti kama ya fahali, lakini mbele ya sista alikuwa anajikuna shingo.

"Shikamoo, Sista. Umeingia nyumba iliyotengwa."

"Marahaba. Nimeingia. Bibi ana kidonda."

"Kidonda tunakijua. Lakini sheria ni sheria. Faini yako ni kuku."

"Jogoo au mtetea?"

Watu wakacheka, hata Ngosha mwenyewe. Kesho yake Sista alileta jogoo, akamkabidhi Ngosha mkononi, na kutoka pale akaenda moja kwa moja kwa Bibi Mbuke. Ngosha akampigia kelele kwa nyuma, "Sista, utamaliza banda zima!" Akajibu bila kugeuka, "Nitaangua wengine!" Hakutozwa tena. Lakini siku ile alipokuwa akinawa mikono jikoni aliniuliza, "Mama Rebeka, ni nani aliyeomba?" Nikamwambia. Juma lile lile akamwita Maige kuja kurekebisha mlango wa nyumba ya masista, ambao ulikuwa umevimba kwa unyevu. Ni kweli ulikuwa umevimba. Ila ulikuwa umevimba tangu siku Sista aliyofika.

Nilikuwa nachambua mchele barazani, kwa hiyo nilisikia yote.

"Maige, wanasema wewe ndiye uliyeifunga ile nyumba."

"Milango naifungua kwa kulipwa, Sista. Ile niliifunga bure."

Nilidhani sasa atatoa Biblia. Hata shemeji alidhani hivyo, maana alishaanza kukusanya vifaa vyake. Lakini Sista alikaa kwenye kizingiti akaanza kumsimulia habari za mtu wa kwao, kama mtu anavyosimulia habari za jirani.

Alisema kwao kulikuwa na vita vya Wajapani. Mwisho wa vita, jiji la Manila likiwaka moto, mtu mmoja aliyeitwa Kirino alitoka na familia yake kukimbilia nyumbani kwa mama mkwe wake. Mkewe alimbeba mtoto mchanga. Askari wa Kijapani wakawapiga risasi barabarani. Mke akafa, na mtoto aliyekuwa mikononi, na wengine wawili. Kirino akabaki na kijana wake mmoja na binti mmoja, jina la binti ni Victoria.

"Kama ziwa?" Maige akauliza.

"Kama ziwa."

Maige akaacha kufunga mfuko wa vifaa.

Mwaka uliofuata nchi yao ikapata uhuru, Sista akaendelea, na Kirino akawa makamu wa rais. Rais wa kwanza wa uhuru akafa kabla ya kumaliza muda wake, Kirino akashika nchi. Kwa kuwa hakuwa na mke, yule Victoria, bado msichana tu, ndiye aliyekuwa akipokea wageni Ikulu. Na magerezani kulikuwa na Wajapani zaidi ya mia waliohukumiwa kwa mambo ya vita, wengine kunyongwa. Kirino alipokuwa anaumwa, amelazwa hospitali ng'ambo, akatia saini wasamehewe warudishwe kwao. Akasema yeye ndiye angepaswa kuwa mtu wa mwisho kuwasamehe, lakini hataki watoto wake na watu wake warithi chuki kutoka kwake.

Maige akasema, "Rais wako alikuwa mjinga," akachukua randa, akaanza kuupiga mlango.

Nami nikafikiri yameishia pale. Hayakuishia. Mlango ule ungechukua asubuhi moja, lakini Maige alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na kila akija ana swali. Alikuwa akiuliza kwa hasira, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Aliwahi kuwaona wale Wajapani uso kwa uso?"

"Sijui."

"Usiku alilala?"

"Maige, mimi nilikuwa mtoto. Sikulala Ikulu."

"Baada ya kuwasamehe, alipata nini?"

"Mwaka ule ule alishindwa uchaguzi. Miaka michache baadaye akafa, moyo."

"Yaani hakupata kitu!"

"Hakupata kitu."

"Umeona, shemeji?" Ananigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyebisha.

Sista hakumficha mabaya ya yule mtu. Alisema serikali yake ilinung'unikiwa kwa rushwa, na wapinzani wake walimshtaki bungeni mpaka kwa habari ya kitanda, kwamba amenunua kitanda cha gharama kubwa, ingawa bunge liliyatupa mashtaka. Wengine wakazusha kwamba ana chungu cha kukojolea cha dhahabu. Hapo Maige alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Kisha akakunja uso.

"Cha kukojolea sijui. Lakini kitanda, hapana, waongo hao. Mimi ni fundi wa vitanda. Mtu aliyefiwa na mke, kitanda cha gharama akilalie na nani?"

Mimi niliinama kwenye mchele wangu. Kitanda cha Maige mwenyewe, kile kipana alichomtengenezea Dorcas, alikuwa amekiuza, akawa analala kwenye mkeka karakanani.

Maneno ya kijiji hayana mlango wa kuyazuia. Haukupita muda watoto wakaanza kumwita Maige "Rais". Wazee wengine walielewa kwamba Kirino ni babu yake Sista na amekuja kumtafutia mrithi. Mke wa Ngosha alinivuta kisimani akaniuliza kama Sista anampa shemeji yangu chai yenye kitu ndani. Nilimwambia chai naipika mimi. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Ngosha naye, Maige akipita na mbao begani, alikuwa akisimama wima na kupiga saluti: "Mheshimiwa! Leo Ikulu wamekuitia nini?" Maige alikuwa akimjibu, "Nenda ukahesabu kuku wako."

Siku moja alimuuliza Sista swali ambalo nadhani lilikuwa tumboni mwake muda wote. "Na nyinyi wengine mliofiwa? Mlisemaje?"

Sista alikuwa akikunja bandeji. Aliendelea kuzikunja, lakini polepole.

"Baba yangu aliuawa juma lile lile," akasema. "Sikuwa hata na umri wa kwenda shule. Habari ya msamaha ilipotoka redioni nilikuwa binti wa miaka kumi na tatu. Mama alikuwa anapika. Tulikuwa na picha ya Kirino ukutani, ya kalenda. Mama akaifuta mikono yake, akaigeuza picha ikatazama ukuta. Akasema, 'Wake ni wake. Wangu, nani alimruhusu?' Mpaka anakufa hakumsamehe."

"Wajapani?"

"Kirino."

Maige akaweka nyundo chini. "Na wewe, Sista? Unamwona alifanya vizuri au vibaya?"

"Nikiwa kanisani naona alifanya vizuri. Nikimkumbuka mama yangu sijui."

Nilitegemea mtu aliyesoma kiasi kile, aliyevuka bahari, awe anajua. Kama yeye hajui, mimi wa darasa la nne nijue nini? Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na sikujua nimemkasirikia nani. Mume wangu ndiye aliyekufa. Nilikuwa nikimwona Bernadeta, mke wa Nestory, akienda kuchota maji ziwani kwa sababu kisima amekatazwa, anayatenga magugu maji kwa mkono, anazamisha ndoo, magugu yanarudi, anayatenga tena. Nilimwona kila asubuhi, maana dirisha langu linatazama kule. Sikuhisi furaha, wala huruma sikuiona. Nilikuwa natazama tu.

Jioni moja Maige alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akamtuma Rebeka dukani ili tubaki wawili.

"Shemeji, hivi Elias alikuwa wa nani?"

"Swali gani hilo?"

"Kwangu ni mdogo wangu. Kwako ni mume. Kwa Rebeka ni baba. Nilipoomba watu watengwe sikukuuliza wewe. Nilijisemea, mimi mkubwa, nimefiwa na watatu, nasema kwa niaba ya wote."

"Sikukataa."

"Sikukuuliza nione kama unakataa." Alikuwa anaitazama mikono yake. "Sasa nikisema yamekwisha, nitakuwa nimesamehe kipande gani? Wa kwangu watatu? Na kipande chako je?"

Nilimwambia chai inapoa. Kwa kweli sikumwelewa, na niliogopa kumwelewa. Alikunywa, akaaga. Nikafunga mlango.

Hapa lazima nieleze jinsi ninavyofunga. Mlango wangu aliutengeneza Maige mwenyewe tulipooana mimi na Elias, mninga mtupu. Komeo lake lilivunjika zamani. Elias alipokufa sikutaka mtu aje kulitengeneza, nikachukua mtaimbo wake, ule wa kuvunjia mawe, nikawa naukingamisha kwenye vishikio viwili nyuma ya mlango. Hata jambazi wa mjini asingeuvunja. Na kijiji kizima mtaimbo wa kweli ni ule mmoja. Nchi yetu ni mawe. Ukichimba choo, ukichimba msingi, ukichimba kaburi, kiasi cha magotini unagonga jiwe, na jembe halikusaidii. Kaburi la Elias lilichimbwa kwa mtaimbo wa Elias.

Kilio kilikuja alfajiri. Ilikuwa sauti ya Bernadeta. Alilia kama tunavyolia sote, akiita, kisha akanyamaza kidogo ili aitikiwe, kama desturi ilivyo. Hakuna aliyeitikia. Akaanza tena. Sijawahi kusikia kilio cha mtu mmoja, na naomba nisisikie tena.

Nilichungulia dirishani. Pikapu ya Sista ilikuwa imesimama mbele ya nyumba ya Nestory, mvua inainyeshea, na nyuma kulikuwa na mwili umefunikwa turubai. Sista na Nestory walisaidiana kumshusha Bibi Mbuke, wakamwingiza ndani, wawili tu. Kisha Nestory akatoka na jembe, akaenda kando ya nyumba, akaanza kuchimba.

Kila mlango kijijini ulikuwa umefunguka ufa. Niliona jicho la mke wa Ngosha. Nilimwona Salehe amesimama ndani ya duka lisilofunguliwa. Na macho yote yalikuwa karakanani kwa Maige. Akitoka na jembe, watu watatoka. Asipotoka, hakuna atakayetoka, na Bibi Mbuke, aliyekata vitovu vya wengi wetu, atalala ndani mpaka mwanawe alishinde jiwe peke yake. Tulianza kulisikia jembe likigonga. Kang. Kimya. Kang.

Rebeka alikuwa ameshavaa, ndoo mkononi.

"Kaa chini," nikamwambia.

Mlango wa karakana ukafunguka. Maige akatoka, gunia kichwani kama kofia ya mvua, jembe begani. Nilishusha pumzi, sijui ilikuwa ya nafuu au ya hasira. Lakini hakwenda kwa Nestory. Alikwenda kwa Ngosha, akasimama mlangoni, wakasemezana. Akatoka pale akaenda kwa Salehe. Kule alikaa muda mrefu. Nilimwona Salehe amejifunika uso kwa mikono, kisha akaingia ndani, akarudi na sepetu, akampa, akafunga mlango. Hakuna aliyeelewa. Wanaume walikuwa wanatoka mmoja mmoja kwenye baraza zao na majembe, wanasimama, hawajui waende au wasiende. Maige anazungukia nini mvuani, na mtu anachimba kaburi pale?

Halafu nikaona anakuja kwangu.

"Hodi."

Nilirudi nyuma kutoka dirishani.

"Shemeji, najua uko macho. Naona moshi wa jikoni."

"Unataka nini?"

"Mtaimbo."

"Umeshamsamehe?"

"Hata kumsalimia bado. Nimepita mbele yake kimya."

"Sasa unachimba nini?"

"Kaburi." Nilimsikia akikamua lile gunia. "Ngosha nimemwambia naondoa ombi langu, kwa wale wangu watatu. Akaniuliza na wengine je, nikamwambia ngoja nikaulize wenyewe. Kirino alitia saini akiwa kitandani hospitali. Huku kwetu lazima mtu azunguke kwenye mvua."

Sikutaka kucheka na sikucheka. "Salehe amesemaje?"

"Salehe amemlilia Khalidi kwanza. Kisha amesema yeye haji, sepetu iende. Basi sepetu inakwenda."

"Na mimi nikikataa?"

"Utakuwa umekataa. Nitawaambia watu kwamba nyumba mbili zimekubali, ya tatu bado. Kila mtu atachagua. Mimi nitachimba na jembe langu mpaka litakapokatika. Lakini mtaimbo wa Elias sitauomba mara ya pili, wala sitamruhusu mtu aje kukusumbua."

Kang, kule kwa Nestory. Nilitamani aniamrishe. Ni mkubwa wa nyumba, angeweza kusema "fungua" nami ningefungua, na kama ni kosa lingekuwa lake. Nilisimama nikamfikiria yule mama wa Sista, mikono yake ikiwa na unyevu wa jikoni, anaigeuza picha. Nilimwona kabisa kama dada yangu. Nikajiuliza, kama yule rais angekuja mlangoni kwake, akasimama mvuani, akapiga hodi, angemwambia nini? Mpaka leo najiuliza.

"Mama," Rebeka akasema. "Anamlilia peke yake."

Bernadeta alikuwa amenyamaza tena pale pa kuitikiwa.

Niliushika mtaimbo kwa mikono miwili. Ni mzito, na alfajiri huwa wa baridi kama samaki. Nikauinua kwenye vishikio. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua, nikadhani utakwama, lakini ulifunguka wenyewe taratibu, kama kuna mtu ameusukuma. Maige alikuwa amelowa mpaka kope. Nikamnyooshea mtaimbo, akashika ncha moja, nami nikawa bado nimeshika nyingine.

"Mimi sijasamehe," nikamwambia.

"Sijakuuliza hilo."

"Nataka ujue."

"Nimejua, shemeji."

Nikaachia. Rebeka akapita katikati yetu na ndoo yake, anakimbia, na kabla hajafika kwenye mteremko nikamsikia ameitikia kile kilio. Nyuma yake wanawake wengine wakaitikia. Maige akauweka mtaimbo begani, akawafuata, na wanaume waliokuwa wamesimama kwenye baraza zao wakaanza kutembea.

Mimi nilibaki kwenye kizingiti nikitafuta khanga yangu, ambayo nilikuwa nimejifunga tayari. Mvua ikawa inaingia ndani mpaka kitandani. Mlango ulikuwa wazi, na cha kuufungia kilikuwa kimeshakwenda.